Namna Ninavyoandika Wasifu wa Jirani Aliyefariki

Kila msiba mtaani kwetu una daftari. Katibu hukaa kwenye meza ndogo karibu na turubai, anaandika jina la kila anayeleta rambirambi: huyu elfu mbili, yule debe la mahindi, akina mama wa mtaa wa pili mizigo ya kuni. Siku ya kuanua matanga daftari hilo husomwa mbele ya watu wote, na wafiwa hulitunza miaka mingi, kwa sababu deni la msiba hulipwa msibani. Ni utaratibu mzuri na nausimamia mwenyewe, maana mimi ndiye katibu wa kamati yetu ya mazishi. Ila ukilifungua daftari hilo baada ya miaka, utamjua kila aliyehudhuria, na hutamjua aliyezikwa. Ndiyo maana nilianza kuligeuza na kuandika upande wa nyuma. Mbele ni rambirambi, nyuma ni maisha ya marehemu.

Kijiji chetu kiko Muheza, pembeni ya shamba la mkonge. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na katika shehena yake miche 62 tu ndiyo iliyofika hai. Mashamba yaliyotokana na miche hiyo yakavuta watu kutoka kila upande: Wanyamwezi, Wabena, Wamakonde wa Msumbiji, Warundi, Wanyarwanda. Waliandikwa kwa namba wakaitwa manamba, na kuanzia miaka ya 1940 kulikuwa na ofisi iliyoitwa SILABU, kazi yake kuwakusanya makwao na kuwasafirisha. Wazee tunaowazika sasa ni watoto wa watu hao, na wachache walikuja wenyewe wakiwa vijana. Mzee wa namna hii ana jina alilopewa kwao, ana jina la kambini, ana jina la dini, na kwenye karatasi za ofisi ana jina la nne, kama karani alivyolisikia. Basi anza na majina, uyaandike yote. Mjukuu atakayekwenda kutafuta ndugu Kasulu hatasaidiwa na jina la kambini.

Baada ya majina ni miaka. Ukiuliza marehemu alizaliwa lini utajibiwa tarehe mosi Januari, au Julai mosi, kwa kuwa ndiyo iliyojazwa kwenye fomu. Mimi huuliza kwa matukio. Wakati wa Uhuru mwaka 1961 alikuwa keshaoa? Mashamba yalipotaifishwa mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, alikuwa shambani bado au alikuwa kiwandani? Vita vya Kagera alikwenda, au alimsindikiza nani? Siku aliyokufa Waziri Mkuu Sokoine, Aprili 1984, alikuwa wapi? Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliikuta nyumba hii imeshajengwa? Watu hawakumbuki tarehe, lakini wanakumbuka walikuwa wamebeba nini mikononi redio ilipotangaza. Kwa maswali matano ya aina hiyo unaupata mwaka, au angalau unajua ni kati ya miaka gani, na hivyo ndivyo uandike: “kati ya 1938 na 1942”. Usibuni tarehe ili ukurasa upendeze.

Sasa nije kwenye jambo ninalolipigania kuliko yote, nalo ni nani aulizwe. Mazoea ni kumwachia msemaji wa familia aandike. Msemaji huwa ni mtoto mkubwa, kasafiri usiku kucha kutoka Dar es Salaam, hajalala, na nyumbani aliondoka akiwa na miaka kumi na minane. Ataandika alichonacho: alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, alistaafu, aliugua. Nusu ya wasifu mwingi unaosomwa makanisani ni hospitali: zahanati, kisha wilayani, kisha rufaa ya Tanga mjini, kisha hali ikabadilika usiku. Mtu kaishi miaka themanini halafu wiki zake tatu za mwisho zinakula ukurasa mzima. Ugonjwa mistari miwili inautosha, na kama familia haitaki utajwe, usiutaje kabisa.

Mimi huenda kwanza jikoni. Miezi kadhaa iliyopita tulimzika bibi mmoja, na karatasi iliyoandikwa na wanawe ilisema alikuwa mama wa nyumbani na mkulima. Nikakaa na wapishi. Mmoja alikuwa anakuna nazi, akasema bila kuinua kichwa, “Mwalimu, mimi huyu bibi ndiye aliyenipokea.” Aliyekuwa anachambua mchele akasema na yeye pia, na mwanawe wa kwanza pia. Wakaanza kutajana, jina kwa jina, wakaenda mpaka kwa vijana waliokuwa nje wanapasua kuni. Wengi wa watu waliokuwa wanahudumia msiba ule walizaliwa mikononi mwa marehemu, usiku, kwa taa ya kandili. Akina mama wakanieleza alivyokuwa akija: hagongi mlango, anaita kwa sauti ya chini jina la mume, na hakubali chai mpaka mtoto anyonye. Niliyaandika majina yote waliyonitajia. Yalijaza ukurasa na nusu, na yaliposomwa siku ya arobaini kila aliyetajwa alisimama.

Baada ya jikoni, nenda kwa watani. Sisi huku tuna watani wa kila kabila, na mtani msibani ana ruhusa ambayo mwingine hana: anavaa koti la marehemu, anaigiza anavyotembea, anavyokemea watoto, anavyokataa kulipa deni la kahawa. Watu hucheka na machozi yanatoka. Wengi wanaona ni kuchangamsha msiba tu, lakini ukiangalia vizuri, mtani ndiye aliyemchunguza marehemu kuliko mtu yeyote pale. Andika anachoigiza. Tulikuwa na mzee aliyefanya kazi korona, kiwandani kule majani yanakosagwa ili singa zitoke. Karatasi ya familia ilisema “mfanyakazi wa mkonge hadi alipostaafu”. Mtani wake alikaa barazani kwa marehemu, akainamisha sikio upande wa kiwanda, akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa sauti ileile ya mzee, “Mkanda umelegea.” Wazee wote wakapiga makofi, kwa sababu ndivyo alivyokuwa. Miaka mingi baada ya kustaafu aliendelea kuisikiliza mashine akiwa nyumbani, na akisema mkanda umelegea, mafundi wakienda kukagua wanakuta kweli umelegea. Kwenye daftari langu maisha yake yameanzia kwenye sikio hilo.

Wafiwa wa karibu, mjane au mgane, huwaacha wapumzike. Nawafuata baadaye, majamvi yakishaondolewa na wageni wameondoka, na mara nyingi wao ndio wanaoanza kuzungumza.

Namna ya kuuliza nayo ina maana. Ukiuliza “alikuwa mtu wa namna gani?” utajibiwa mtu wa watu, mcheshi, hana makuu, na majibu hayo yanamfaa kila maiti. Uliza kitu. Mara ya mwisho alikuazima nini? Asubuhi sauti yake ulikuwa ukiisikia saa ngapi, na ilikuwa ikisema nini? Alifika hapa kwa treni au kwa lori, na alishuka na nani? Kazi aliyokuwa akiifanya, sasa itafanywa na nani? Hili la mwisho huleta kimya, halafu huleta habari.

Yapo ya kuacha. Madeni, kesi za mashamba na ugomvi wa ndoa si vya daftari hili. Watoto ni jambo zito zaidi, kwa kuwa wapo ndugu wanaotaka mtoto wa nje asisomwe, wakidhani wasifu ni mirathi. Msimamo wangu ni mmoja: ama watajwe wote, ama asitajwe hata mmoja. Nimewahi kuandika “ameacha watoto na wajukuu” nikaishia hapo, nikawaeleza familia kwa nini. Kabla ya kusoma hadharani huwasomea wenyewe kwanza, pembeni, na wana haki ya kufuta.

Kuhusu siku ya kusoma, Wakristo wana nafasi yao kwenye ibada kabla ya kwenda makaburini, hivyo utaandika haraka na utarekebisha baadaye. Waislamu huzika siku hiyohiyo, hakuna muda wa wasifu, na ni sawa; sisi huusoma baada ya hitima au siku ya arobaini. Naona huo ndio muda bora kwa wote, kwa sababu habari zimeshakusanyika.

Watoto wachanga nao waandikwe. Mama mmoja aliniomba mwanawe aliyeishi siku chache awe na ukurasa, nikaandika jina lake, aliyempa jina hilo, na kwamba alikuwa na vidole virefu kama vya babu yake. Ukurasa ni wake mzima.

Vifaa havina mambo makubwa: kaunta buku lenye jalada gumu na kalamu ya wino. Kila ukurasa upigwe picha kwa simu, na nakala iwe kwenye nyumba mbili tofauti, kwa sababu ya mchwa.

Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani huku kwetu Tanga mwaka 1909, alipoandika wasifu wa mwimbaji Siti binti Saad alimhoji mwenyewe angali hai, akapata habari za binti wa Fumba aliyekuwa akitembeza vyungu kabla Unguja nzima haijaijua sauti yake. Siti alifariki mwaka 1950. Habari hizo zisingepatikana msibani. Wazee wetu waliobaki wa kambini wanahesabika, na wengi bado wanazungumza vizuri asubuhi kabla jua halijawa kali. Wafuateni sasa, na daftari.

Na kama mtaani kwenu kuna msiba wiki hii, anza na wapishi na wachimba kaburi. Hao ndio wanaotawanyika mapema.