Chachandu ya Nyanya kwa Dakika Ishirini: Mapishi ya Meksiko kwa Mazao ya Karatu

Kila msimu nyanya zinapoiva kwa wingi kwa wakati mmoja, bei hushuka sokoni, na zile zilizolainika hubaki kwenye matenga bila mnunuzi. Wakati huohuo, katika migahawa na nyumba za wageni zilizo kando ya barabara iendayo Ngorongoro, hukosekana kitu kidogo ambacho wageni wengi wamezoea kukiona mezani: sosi ya pilipili iliyoandaliwa siku hiyohiyo. Nyanya iliyoiva hadi kulainika, mradi haijaoza wala kuota ukungu, ndiyo hasa inayofaa kwa sosi hiyo.

Somo hili linamwelekeza mkazi wa Kata ya Ganako namna ya kuandaa chachandu ya nyanya na pilipili kwa mtindo wa Meksiko kwa muda wa dakika ishirini, bila mashine wala kiungo cha kuagiza kutoka mbali. Aidha, linaeleza jambo ambalo aghalabu husahaulika: chachandu hii ni chakula kibichi cha kuliwa mapema, si bidhaa ya kufungwa kwenye chupa na kuwekwa rafuni. Anayeielewa tofauti hiyo atailinda afya ya familia yake, na akiwa mfanyabiashara, atailinda pia afya ya wateja wake.

Mazao yaliyotoka mbali yakawa yetu

Mapishi ya Meksiko yanaweza kudhaniwa kuwa mageni kabisa kwetu. Ukweli ni kwamba mazao yanayoyabeba tunayalima wenyewe. Mahindi yalianza kulimwa kusini mwa Meksiko takriban miaka 9,000 iliyopita, yakitokana na nyasi za mwituni. Pilipili, maharage na parachichi navyo vina asili katika eneo hilo na nchi jirani, na nyanya, ijapokuwa asili yake ni Amerika ya Kusini, ilipata sura yake ya sasa mikononi mwa wakulima wa Meksiko. Majina ambayo mataifa mengi ya Ulaya huyatumia kwa nyanya, pilipili na parachichi yametokana na Kinahuatl, lugha ya Waazteki.

Mazao hayo yalianza kuvuka bahari baada ya safari za Wahispania na Wareno za mwishoni mwa karne ya 15. Mreno Vasco da Gama alifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1498, na katika miaka iliyofuata meli za Wareno zilisaidia kuyasambaza mazao ya Amerika katika bandari za Bahari ya Hindi. Leo hakuna anayeyaita mahindi au maharage mazao ya kigeni. Makande yetu, yaani mahindi na maharage katika chungu kimoja, yanaunganisha mazao mawili yaleyale ambayo ndiyo msingi wa mlo wa Mmeksiko.

Vitunguu, vitunguu saumu, ndimu na giligilani vilitoka upande wa pili wa dunia, yaani Asia, vikakutana na nyanya na pilipili baadaye. Navyo pia havitusumbui kuvipata: vitunguu vya Mang'ola, vinavyolimwa kwa maji ya chemchemi karibu na Ziwa Eyasi, vinajulikana katika masoko mengi ya nchi yetu na hata nje ya mipaka.

Kuijua pilipili kabla ya kuitumia

Ukali wa pilipili hutokana na kemikali iitwayo kapsaisini, ambayo imejaa zaidi kwenye utando mweupe ulioshikilia mbegu. Mbegu zenyewe huwa kali kwa sababu zimegusana na utando huo. Anayetaka kupunguza ukali aondoe utando pamoja na mbegu.

Mwaka 1912 mfamasia wa Kimarekani, Wilbur Scoville, alibuni kipimo cha ukali wa pilipili ambacho kinatumika hadi sasa. Pilipili hoho, kwa maana ya ile kubwa isiyowasha, haina ukali wowote. Pilipili aina ya jalapeño, inayopendwa sana Meksiko, huwa kati ya vipimo 2,500 na 8,000. Pilipili kichaa zile ndogo hufikia kati ya 50,000 na 100,000, na pilipili mbuzi huanzia 100,000 na kupita 300,000. Hivyo, mapishi yanayotaja jalapeño tatu hayapaswi kufuatwa kwa kutia pilipili mbuzi tatu. Nusu ya pilipili mbuzi moja inatosha kwa kuanzia.

Kapsaisini haiyeyuki vizuri katika maji. Huyeyuka katika mafuta. Ndiyo maana mtu aliyewashwa mdomoni akinywa maji hapati nafuu, bali maziwa au mtindi humtuliza. Kwa sababu hiyohiyo, mikono iliyokata pilipili ipakwe mafuta kidogo ya kula kwanza, kisha ioshwe kwa sabuni, na isiguse macho wala mtoto kabla ya kuoshwa.

Mahitaji

Kiasi hiki hutoa takriban vikombe viwili vya chachandu, na kinatosha watu sita:

- Nyanya nusu kilo, zilizoiva vizuri
- Kitunguu maji kimoja cha ukubwa wa kati
- Punje tatu za kitunguu saumu, zikiwa na maganda yake
- Nusu ya pilipili mbuzi, au pilipili kichaa mbili
- Ndimu moja kubwa
- Chumvi nusu kijiko cha chai
- Majani ya giligilani, kiasi cha kujaa kiganja
- Binzari nyembamba, robo kijiko cha chai, kwa anayeipenda

Hatua za kuandaa

1. Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Osha nyanya, pilipili na giligilani kwa maji safi na salama. Giligilani ioshwe jani kwa jani, kwa kuwa italiwa mbichi. Ubao, kisu na kinu visiwe vimetumika kwa nyama mbichi bila kuoshwa.

2. Weka kikaango kikavu juu ya moto wa wastani, bila mafuta. Panga nyanya nzima, nusu ya kitunguu iliyokatwa vipande viwili, na punje za kitunguu saumu. Geuza mara kwa mara kwa dakika nane hadi kumi, mpaka maganda ya nyanya yapasuke na kuwa na mabaka meusi. Mabaka hayo ndiyo yanayoipa chachandu ladha ya moshi, yasiondolewe yote.

3. Tia pilipili kikaangoni katika dakika mbili za mwisho tu. Fungua dirisha na mlango, na watoto wakae mbali, kwani moshi wa pilipili hukereketa koo na kuliza macho. Mwenye pumu asiifanye hatua hii. Pilipili inaweza kutiwa bila kuchomwa.

4. Menya kitunguu saumu, ukitwange kinuni pamoja na chumvi hadi kilainike. Ongeza pilipili utwange tena. Kisha tia kitunguu kilichochomwa, na mwisho nyanya, moja baada ya nyingine. Twanga kwa upole ili vibaki vipande vidogo vidogo. Wameksiko hutumia kinu cha jiwe kwa kazi hii; kinu chetu cha mti kinafaa vilevile. Mwenye blenda aizungushe kwa sekunde chache tu, kwa kuwa ikisagwa sana hugeuka uji wenye povu.

5. Katakata nusu ya kitunguu iliyobaki iwe midogo sana, pamoja na giligilani. Changanya vyote, kamulia ndimu, tia binzari, kisha uache itulie kwa dakika kumi. Onja, ndipo uongeze chumvi au ndimu. Ukali wa pilipili huendelea kutoka katika dakika hizo, hivyo usiongeze pilipili kabla ya kuonja mara ya pili.

Kwa watoto wadogo na wenye vidonda vya tumbo, tenga sehemu yao kabla ya kutia pilipili. Watapata ladha yote ya nyanya, ndimu na giligilani bila maumivu.

Kuila pamoja na nini

Meksiko sosi hii huliwa na tortilla, mkate mwembamba wa mahindi yaliyochemshwa kwa maji ya chokaa maalumu ya chakula kisha kusagwa. Chokaa ya ujenzi isitumike kamwe kwa jambo hilo. Kwetu, chapati nyembamba inatosha: weka katikati yake maharage au mbaazi zilizoungwa, vipande vya nyama ya kuchoma au mayai, kabichi iliyokatwa nyembamba na vijiko viwili vya chachandu, kisha ukunje. Karatu ni wilaya ya mbaazi, na mlo huu ni njia mojawapo ya kuzileta mezani zikiwa na sura mpya.

Parachichi likipondwa na kuchanganywa na vijiko vitatu vya chachandu hiyo, hupatikana chakula cha pili kijulikanacho kama guacamole, jina ambalo kwa asili yake lina maana ya sosi ya parachichi.

Upo pia upande wa lishe. Madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mbaazi hayafyonzwi kwa urahisi na mwili. Vitamini C iliyomo katika ndimu, nyanya na pilipili husaidia ufyonzwaji huo, mradi vyakula hivyo viliwe katika mlo mmoja. Kwa hiyo, kijiko cha chachandu juu ya makande kina kazi kubwa kuliko kuamsha ulimi, hasa kwa wajawazito, wasichana waliovunja ungo na watoto, ambao huathirika zaidi na upungufu wa damu. Kwa kuwa moto mwingi hupunguza vitamini C, ndimu itiwe mwishoni kama ilivyoelezwa.

Kuihifadhi bila kujidanganya

Chachandu iliyoandaliwa hivi isikae mezani kwa zaidi ya saa mbili. Asiye na jokofu aandae kiasi cha mlo mmoja, na kinachobaki kisilazwe. Mwenye jokofu aiweke katika chombo safi chenye mfuniko na kuimaliza ndani ya siku tatu. Kijiko kilichotiwa mdomoni kisirudishwe katika chombo.

Wapo wanaodhani kwamba pilipili na ndimu huua vijidudu vyote, hivyo chachandu inaweza kukaa chupani kwa miezi. Dhana hiyo ni ya hatari. Bakteria aitwaye Clostridium botulinum huishi ardhini, huweza kubaki kwenye vitunguu na vitunguu saumu, na hustawi mahali pasipo na hewa na penye asidi kidogo, yaani ndani ya chupa iliyofungwa. Sumu yake hupoozesha misuli na huweza kuua, na chakula chenye sumu hiyo huenda kisioneshe dalili yoyote ya kuharibika. Chakula cha kukaa chupani nje ya jokofu hutakiwa kuwa na asidi ya kutosha, kwa kipimo cha pH kisichozidi 4.6, pamoja na kuchemshwa kwa joto na muda uliothibitishwa. Kila kitunguu au hoho inayoongezwa hupunguza asidi hiyo, na ulimi hauwezi kuipima. Kwa sababu hiyohiyo, kitunguu saumu kibichi kilichotiwa katika mafuta kisihifadhiwe nje ya jokofu.

Kwa anayetaka kuuza

Biashara hii ina milango miwili, na kila mmoja una utaratibu wake.

Wa kwanza ni kuandaa chachandu kila siku na kuitoa pamoja na chakula katika mgahawa, genge la chipsi au nyumba ya wageni. Mhusika anatakiwa kuwa na leseni ya biashara, kupima afya kama ilivyo kwa kila anayeshughulika na chakula cha umma, na kuruhusu eneo lake kukaguliwa na Afisa Afya. Chachandu ya jana isichanganywe na ya leo.

Wa pili ni kuifunga chupani na kuipeleka dukani. Hapo mapishi ya somo hili hayatoshi. Mhusika aanzie SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, ambalo hutoa mafunzo ya usindikaji, kisha bidhaa yake ipimwe na kuthibitishwa na TBS, ambayo tangu mwaka 2019 ndiyo yenye dhamana ya usalama wa chakula nchini. Lebo ioneshe viungo, tarehe ya kutengenezwa, mwisho wa matumizi na mahali ilipotengenezwa.

Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinakumbushwa kwamba sheria inaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Maelezo ya namna ya kuunda kikundi na kuomba hutolewa na Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata. Kabla ya kuomba mkopo kwa ajili ya chachandu, kikundi kiandae kwanza kwa mtaji mdogo kwa majuma kadhaa, kiandike gharama ya kila kiungo, mkaa na chombo, na kijue ni vikombe vingapi vimeuzwa na vingapi vimemwagwa. Daftari hilo litakuwa shahidi mzuri kuliko maneno mengi.

Kwa wengine wote, shughuli yaweza kuanza jioni ya leo. Nunua zile nyanya laini ambazo muuzaji anataka kuzimaliza kabla hajafunga, chukua nusu ya pilipili mbuzi na ndimu moja, kisha andaa kiasi kitakachoisha mezani. Kwa ushauri zaidi kuhusu lishe na usalama wa chakula, wakazi wanakaribishwa kufika katika ofisi ya Mtendaji wa Kata ili kuelekezwa kwa mtaalamu anayehusika.