Kikao cha Kanisa si Kikao cha Ukoo

Wadogo zangu, leo tuzungumze juu ya vikao vya kanisa vinavyofungwa kwa sala nzuri, kisha kikao chenyewe kinaanza nje, watu wawili wawili, kwa sauti ya chini.

Wa Natta, huku kwetu Mara, mnanielewa. Benchi moja lina Mnata, Mwikoma, Mwisenye, Mngoreme, Mkurya, Msukuma, na wenzetu walioletwa na ndoa, kazi za hoteli au barabara ya Makutano–Natta–Mugumu. Jumapili wote tunaimba kwa Kiswahili. Kikao kikipamba moto, wazee wanahamia Kinata, na binti aliyeolewa kutoka Usukumani anabaki kutazama midomo. Anachojua ni kwamba jina lake limetajwa. Mdogo wangu, hapo ndipo pa kusema kwa adabu: "Samahanini wazazi wangu, naomba turudi kwenye Kiswahili ili mwenzetu naye asikie." Hujamvunjia mtu heshima. Na bibi ambaye maneno yake hutoka vizuri kwa Kinata, mwacheni aseme hivyo hivyo. Kijana mmoja atafsiri yote, asimfupishie.

Manung'uniko haya yana umri wa kanisa lenyewe. Soma Matendo ya Mitume sura ya 6. Waumini waliosema Kiyunani walilalamika kwamba wajane wao wanasahauliwa kwenye mgawo wa kila siku. Mitume hawakuwaambia wanyamaze kwa ajili ya amani. Waliita mkutano wote, wakachaguliwa watu saba, na majina yao yote saba ni ya Kiyunani. Mgawo ukawekwa mikononi mwa watu wa upande uliolalamika! Kila nikisoma hapo naguswa.

Hata Mara yetu ina historia yake. Wamisionari wa Kimennonite walianza kazi Shirati mwaka 1934. Uamsho wa kiroho ulipofika mwaka 1942, Wazungu na Waafrika waliungama makosa yao mbele ya wenzao, wakaombana msamaha. Ilikuwa neema kubwa. Lakini Zedekia Kisare, Mjaluo, alipowekwa wakfu mwaka 1967 kuwa askofu wao wa kwanza Mwafrika, suala la kabila lilikuwa bado hai. Kwa hiyo msitegemee mkutano mmoja wa machozi. Mkisameheana leo, mwakani kaeni tena.

Kuna jambo zito kuliko ugomvi wa kinanda na sare za kwaya: ukeketaji. Muumini mmoja anamficha binti, mwingine wa benchi hilo hilo anaandaa sherehe ya ukeketaji ya Desemba. Hapo mazungumzo yana mpaka. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na Mugumu kuna nyumba salama inayopokea wanaokimbia. Mtoto afikishwe salama kwanza; hilo halipigiwi kura. Kisha rudi ukae na mama yake. Usimwite mshenzi. Muulize anaogopa nini: mahari, maneno ya wakwe, au binti kukosa mume? Mama aliyeulizwa kwa upole husema hofu ambayo mahubiri ya ukali hayaigusi, na hofu ikishatajwa, kanisa linaweza kumbeba.

Kwa mengine ya kawaida, fuata Mathayo 18:15: nenda kwa mwenzako, wewe na yeye peke yenu. Usianzie kwenye kundi la WhatsApp la kwaya, wala kwa mchungaji. Nenda mchana, kaa chini, umwache amalize. Kama ni mkubwa wako, mwamkie kwanza, na maneno yako yawe machache.

Katibu wa kikao, nawe nakuomba jambo moja. Andika mlichokubaliana na atakayekitekeleza. Kikao kijacho kikianza, soma kwa sauti, halafu wape nafasi ya kwanza wale walioshindwa kwa kura, waseme kama bado kuna kinachowauma.