Kuvuka Maji Yaliyoganda kwa Viatu vya Theluji: Somo la Maarifa na Istilahi

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi msafiri anavyovuka ziwa au mto ulioganda akiwa amevaa viatu vya theluji, na kuonyesha kwa nini mfasiri wa Kiswahili hana budi kuyaelewa maarifa hayo kabla ya kuyatafutia maneno. Huenda msomaji akauliza mwanafunzi wa Kiswahili ana haja gani na mambo ya nchi za baridi. Jibu liko Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani ambako Wakenya wengi wamelowea, na katika miji ya Kanada iliyowapokea wakimbizi wa Kongo wazungumzao Kiswahili. Watu hawa huishi karibu na maziwa ambayo kila mwaka hugeuka uwanja mweupe. Mtoto akitaka kwenda kucheza kwenye uwanja huo, onyo la mzazi hutolewa kwa lugha ya nyumbani. Je, lugha hiyo ina maneno ya kutolea onyo hilo?

Theluji na Barafu

Neno theluji tumelipata kutoka Kiarabu. Barafu asili yake ni Kiajemi, na katika Kiajemi neno barf lina maana ya theluji. Thalj ya Kiarabu yaweza kuwa theluji au barafu, na baraf ya Kihindi ni vivyo hivyo. Kwa hivyo Kiswahili kilikopa maneno mawili yaliyokaribiana sana kimaana, kisha kikayagawia kazi: theluji ni ile iangukayo kutoka mawinguni, barafu ni maji yaliyoganda. Mgawanyo huu ni mzuri, ila katika mazungumzo ya kila siku hatuuzingatii sana, na hapa kwetu kutouzingatia hakumdhuru mtu.

Juu ya ziwa mambo ni mengine, kwa sababu theluji ni adui wa barafu. Theluji huifunika barafu kama blanketi, baridi ya hewani isiweze kuyafikia maji. Barafu hukawia kunenepa hata siku za baridi kali. Aidha, theluji ikiwa nyingi, uzito wake huisukuma barafu chini, maji yakapanda kupitia nyufa na kuchanganyika na theluji. Huo mchanganyiko ninapendekeza tuuite tope la barafu. Hauonekani, maana juu yake pana theluji safi. Msafiri huutambua pale mguu unapozama kwenye kitu kama uji, na akitoka, tope hilo huganda kwenye viatu vyake likaviongezea uzito. Hapo asisimame. Aendelee hadi penye theluji kavu, kisha avikwangue kwa kijiti.

Kiatu Chenyewe

Katika eneo la Boundary Waters, mpakani mwa Minnesota na Kanada, kuna maziwa zaidi ya 1,000 yaliyounganishwa na vijito na milango myembamba ya maji. Ni nchi ya Waojibwe. Wao hukiita kiatu cha theluji aagim, na mti unaotoa fremu yake huitwa aagimaak, yaani mti wa kiatu hicho. Mwanaisimu atafurahi kuona mti ukipewa jina kutokana na kiatu! Fremu ya jadi ni ya mti uliokunjwa, na katikati husukwa kwa kanda za ngozi mbichi. Wafaransa, kwa kuona umbo lake, walikiita raketi. Sisi tukisema tu viatu vya theluji, msikilizaji aweza kudhani ni mabuti ya kuzuia baridi. Kwa hivyo istilahi hii ihitaji maelezo inapotajwa mara ya kwanza.

Kazi ya kiatu hiki ni kutawanya uzito. Tuseme mtu na mzigo wake ni kilo 80, na nyayo za mabuti yake mawili zina eneo la sentimita za mraba 500. Kila sentimita ya mraba itabeba gramu 160. Akivaa viatu vya theluji vyenye jumla ya sentimita za mraba 3,000, itabeba gramu 27 hivi. Hesabu hii ndiyo inayowadanganya wageni. Ni kweli kwamba mtu hatazama kwenye theluji, lakini barafu ya ziwa haivunjiki kwa kutobolewa na unyayo tu. Hupinda kama ubao chini ya uzito wote wa mtu, na uzito huo haujapungua hata gramu moja. Mhandisi Lorne Gold wa Kanada alionyesha mwaka 1971 kwamba uwezo wa barafu kubeba hufuata mraba wa unene wake. Unene ukipungua nusu, uwezo hubaki robo.

Kuvuka

Idara ya Maliasili ya Minnesota hushauri kwamba mtembea kwa miguu asikanyage barafu mpya iliyo angavu ikiwa haijafikia unene wa inchi 4, yaani sentimita 10 hivi. Barafu nyeupe, ambayo hutokana na theluji iliyolowa ikaganda, huhitaji unene maradufu. Hata hivyo, kipimo cha mahali pamoja si kipimo cha ziwa zima. Palipo na mkondo barafu huwa nyembamba: mto unapoingia ziwani na unapotoka, kwenye mlango mwembamba kati ya maziwa mawili, chini ya daraja, upande wa nje wa kona ya mto. Kwa bahati mbaya, milango hiyo ndiyo njia ya mkato inayomvutia msafiri aliyechoka. Mwenye busara huzungukia nchi kavu. Mwezi wa Aprili nao una hila yake, kwa kuwa barafu yaweza kuwa nene na bado isimbebe mtu, jua likiwa limekwisha kuilegeza kwa ndani.

Msafiri hubeba mtaimbo au gongo zito akaigonga barafu mbele yake kadiri anavyokwenda. Hufungua mikanda ya mkoba, na hulegeza kamba za viatu ili aweze kuvitupa kwa haraka, kwani ndani ya maji kiatu kipana hunasa chini ya ukingo wa barafu. Wakiwa wengi, huachana kwa hatua nyingi.

Akitumbukia

Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba amefundisha kanuni ya 1-10-1. Dakika 1 ya kwanza ni ya kutuliza pumzi, kwa kuwa baridi humfanya mtu ahemeheme bila kutaka na huenda akavuta maji. Dakika 10 zinazofuata ndizo ambazo mikono na miguu bado inamtii. Baada ya hapo huchukua takriban saa 1 kabla ya kupoteza fahamu kwa baridi. Kwa hivyo asikurupuke. Avivue viatu, ageukie alikotoka, maana barafu ile ilikwisha kumbeba, kisha apige miguu kama anayeogelea huku akijivuta kwa misumari miwili yenye vipini inayoning'inia shingoni.

Akitoka asisimame, bali abingirike juu ya barafu hadi mahali imara. Kisha agaegae kwenye theluji kavu, ambayo hunyonya maji kutoka kwenye nguo kabla hayajaganda. Mfasiri wa kijikaratasi cha maonyo akibadilishana maneno mawili katika sentensi hizi, atakuwa amemwagiza mtu aliyelowa atafute kukaushwa na barafu.