Gari Kuukuu Linalotangatanga: Tengeneza Kilicholegea Kabla ya Kupima Magurudumu



Siku za soko, gari la zamani lililosheheni watu na magunia huonekana kwa mbali likienda kama nyoka: mara linagusa mchanga wa ukingoni, mara linarudi katikati ya lami. Likisimamishwa kwenye kizuizi, dereva hutabasamu na kusema, “Afande, gari hili nimelizoea.” Anasema kweli. Mikono yake imejifunza kulirudisha njiani kila baada ya hatua chache, hata hahisi tena kwamba anafanya kazi hiyo. Lakini mtoto anayetoka shuleni kando ya barabara hajalizoea, wala dereva anayekuja upande wa pili hajalizoea.

Somo letu la leo linahusu ugonjwa huo, hususan kwa magari ya kazi kama vile Land Cruiser za zamani, ambazo magurudumu yake mawili ya mbele yameunganishwa na ekseli moja nzima iliyokaa juu ya springi za vyuma bapa. Kanuni ya somo ni moja: kipimo cha kitu kilicholegea ni kipimo cha uongo. Wamiliki wengi hukimbilia kupima magurudumu, hulipa, kisha baada ya wiki mbili gari hurudia tabia yake. Kupima ni hatua ya mwisho, si ya kwanza.

KUTAMBUA UGONJWA

Kuna matatizo matatu yanayochanganywa. La kwanza ni kutangatanga: gari halina upande linaoupendelea, ila halitulii katika mstari. La pili ni kuvuta: gari linaelekea upande mmoja daima. La tatu ni kutetemeka: usukani unapigapiga mkononi, hasa baada ya kupita shimo au ukifika mwendo fulani. Mweleze fundi wako ni lipi kati ya hayo, kwa kuwa kila moja lina njia yake ya kutafutwa.

Kuhusu kuvuta, sisi tunaoishi mipakani tunayo nafasi ambayo wengine hawana. Uganda tunaendesha upande wa kushoto. Ukivuka Mpondwe kuingia Kongo, au Katuna kuingia Rwanda, unahamia upande wa kulia. Barabara ya lami huinuliwa katikati ili maji ya mvua yatiririke kandoni, kwa hiyo kila gari huelekea kidogo upande wa mtaro. Ikiwa gari lako huvuta kushoto hapa kwetu, na ng'ambo huvuta kulia kwa kiasi kile kile, sababu ni mgongo wa barabara. Likivuta upande ule ule katika nchi zote mbili, ugonjwa umo ndani ya gari.

ANZA NA MATAIRI

Pima upepo wa matairi asubuhi, kabla gari halijapata joto. Matairi mawili ya ekseli moja yawe na upepo sawa, ukubwa sawa na aina moja. Tairi la radiali likifungwa ekseli moja na tairi la muundo wa kale usio wa radiali, kila moja hushika barabara kwa namna yake, na hakuna kipimo kitakachoyapatanisha. Gari likivuta, badilishana matairi ya mbele, la kushoto liende kulia. Mvuto ukihamia upande wa pili, umempata mkosaji bila kununua kitu.

Kisha pitisha kiganja juu ya uso wa tairi, kutoka nje kwenda ndani na kurudi. Ukihisi ulaini ukielekea upande mmoja na makali ukielekea upande wa pili, magurudumu hayaelekei yanakotakiwa. Kumbuka hilo, lakini usiguse kipimo bado.

Baada ya safari fupi, sogeza mkono karibu na kila rimu kwa uangalifu. Moja likiwa na joto kuliko mwenzake, huenda breki yake haiachii, na hiyo nayo huvuta gari.

TAFUTA KILICHOLEGEA

Simamisha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka mawe au kabari kwenye magurudumu ya nyuma na uzime injini. Magurudumu yote yawe chini. Mtu mmoja acheze usukani kidogo, kushoto na kulia, huku mwingine akitazama gurudumu la mbele. Ikiwa usukani unazunguka kwa zaidi ya upana wa vidole viwili kabla gurudumu halijaanza kusogea, kuna plei ya kutafutwa.

Mtu wa pili sasa aweke kiganja juu ya kila kiungo kwa zamu: kwenye shafti ya usukani, kwenye mkono unaotoka katika boksi ya usukani, kwenye fimbo iendayo gurudumuni, na kwenye ncha zote mbili za tairodi. Kiungo kizima husogea kama kitu kimoja. Kilichochakaa, upande mmoja hutangulia na mwingine hufuata, na kiganja huhisi kishindo kidogo. Kagua pia boliti zinazofunga boksi kwenye chesisi, na chesisi yenyewe mahali hapo. Ufa mwembamba uliofunikwa na tope huweza kuifanya boksi nzima inyumbuke.

Hatua ya pili ni magurudumu yenyewe. Inua ekseli kwa jeki na uitegemeze kwa stendi imara. Mtu asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwombe mwenzako akanyage breki kwa nguvu, nawe utikise tena. Plei ikitoweka, beringi za gurudumu ndizo zimelegea. Ikibaki, tatizo liko katika beringi za kingipini, yaani zile mbili, ya juu na ya chini, ambazo gurudumu huzigeukia dereva anapokata kona. Jaribio hili halihitaji kifaa cha gharama, nalo huzuia fedha kutupwa kwenye kiungo kisicho na kosa.

Hatua ya tatu ni springi. Bushi zikiisha, au boliti za kuzibana springi kwenye ekseli zikilegea, ekseli yote hutembea chini ya gari. Hapo hata viungo vipya vya usukani havitasaidia.

MAKOSA MATATU YA KUEPUKA

Kosa la kwanza ni kufunga shokapu mpya ya usukani na kutangaza kwamba gari limepona. Shokapu hiyo hupunguza mtikisiko unaopanda mkononi. Haikazi kitu chochote. Inaweza kunyamazisha dalili huku kiungo kikiendelea kulika.

Kosa la pili ni kukaza skrubu iliyo juu ya boksi ya usukani ili kumaliza kila plei. Ikikazwa kupita kiasi, usukani huwa mzito katikati na haurudi wenyewe baada ya kona, kwa hiyo gari hutangatanga zaidi.

Kosa la tatu ndilo la hatari kuliko yote: kuchomelea fimbo ya usukani iliyopinda au kupasuka, na kufunga nati ya kiungo kwa waya au msumari badala ya kotapini mpya. Kotapini ni kitu cha bei ndogo. Ikikosekana, nati hufunguka polepole, na siku kiungo kikichomoka usukani utazunguka mkononi bila gurudumu kutii.

MWINAMO WA EKSELI

Tazama uma wa mbele wa baiskeli. Haukusimama wima, umelala kidogo, na kwa sababu hiyo baiskeli inayokwenda hupenda kunyooka. Ekseli ya gari nayo hufungwa ikiwa imeinama kwa nyuzi chache kwa madhumuni hayo hayo. Springi zilizolala kwa uzee, au gari lililoinuliwa kwa vishikizo virefu vya springi, huweza kuupunguza mwinamo huo. Dalili yake ni gari jepesi mno mkononi, linaloelea barabarani na kutorudi lenyewe baada ya kona. Mafundi wenye uzoefu husahihisha kwa kuweka kabari za chuma kati ya springi na ekseli, baada ya kupima pande zote mbili.

SASA PIMA

Vilivyolegea vikishakazwa au kubadilishwa, kipimo kitasema kweli. Inua kila gurudumu la mbele, lizungushe huku umeshikilia chaki katikati ya uso wa tairi, kisha kwa ncha ya msumari chora mstari mwembamba ndani ya chaki. Shusha gari, nyoosha usukani, na usukume gari mbele mita chache likae sawa. Kwa futikamba, pima umbali kati ya mistari miwili upande wa mbele wa matairi, katika kimo cha kitovu cha gurudumu, na utie alama hapo. Sukuma gari mbele, usilirudishe nyuma, hadi alama zifike upande wa nyuma kwa kimo kile kile. Pima tena.

Kwa kawaida, kwenye magari haya, kipimo cha mbele huwa kidogo kuliko cha nyuma kwa milimita chache tu. Idadi kamili imo katika kitabu cha gari lako. Ikiwa tairodi iko nyuma ya ekseli, kuirefusha hufunga magurudumu kwa mbele; ikiwa iko mbele ya ekseli, kuirefusha huyafungua. Kaza vibanio vyake, sukuma gari mbele, pima upya. Usukani ukibaki umekaa upande, rekebisha fimbo itokayo kwenye boksi. Usiung'oe usukani na kuugeuza, kwani boksi itakuwa haipo tena katikati yake.

Jaribu gari bila abiria, kwa mwendo mdogo kwanza, kwenye barabara iliyonyooka. Legeza mkono, lakini usiuachie usukani.

WAJIBU WETU

Sheria ya Usafiri na Usalama Barabarani ya Uganda ya mwaka 1998 inakataza kuendesha gari ambalo hali yake ya kiufundi ni ya hatari. Askari anapokuomba ucheze usukani kizuizini, anafanya jaribio lile lile ulilolisoma hapa. Ni heri ulifanye wewe kwanza nyumbani, ukiwa na nafasi na kivuli. Na wewe abiria, ukiona dereva wako anahangaika na usukani kwenye barabara iliyonyooka, una haki ya kumuuliza. Akikujibu kwamba amelizoea, mwambie kwa upole kwamba wewe hujalizoea.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA MIKUTANO YA POLISI JAMII

1. Kwa nini kupima magurudumu kabla ya kubadilisha viungo vilivyochakaa ni hasara?
2. Plei ikibaki hata breki ikikanyagwa, utakagua sehemu gani?
3. Ni magari mangapi katika kituo chenu cha abiria yamekaguliwa usukani tangu msimu wa mvua uliopita, na ni nani atakayeanza?