Mwongozo kwa Madereva wa Magari ya Kazi: Kupiga Resi

Mwongozo huu unawahusu madereva wa taasisi, daladala, teksi na pikapu za mizigo, pamoja na wasimamizi wanaolipia matengenezo ya magari hayo. Ubishi wa gerejini unajulikana: fundi mmoja anasema gari lipigwe resi kila siku litoe masizi, mwingine anasema resi ndiyo inayoua injini. Kila mmoja ana nusu ya ukweli. Cha kuangalia ni joto la oili, na kama injini inavuta mzigo au inalia tu mahali pamoja.

Gari likilala, oili hushuka chini. Ukiwasha asubuhi, pampu huhitaji muda kidogo kuipandisha hadi kwenye kemshafti, na kwa kuwa bado ni nzito, haifiki haraka kila inapotakiwa. Vyuma hulika sana katika kipindi hicho kifupi. Dereva anayewasha na papo hapo kukanyaga mafuta mara tatu, nne, eti anaiamsha injini, anasuguanisha vyuma vikavu. Subiri kama nusu dakika, hakikisha taa ya oili imezima, kisha ondoka taratibu. Huna haja ya kukaa robo saa gari likiunguruma. Wala usidanganywe na geji ya joto. Geji hiyo hupima maji ya rejeta, na maji hupata moto mapema kuliko oili. Mshale ukifika mahali pake pa kawaida, endelea kwa upole dakika nyingine tano hadi kumi. Madereva wa Njombe na Mbeya, hasa kwenye baridi ya Juni na Julai, waongeze subira.

Kupiga resi gari likiwa nyutro hakuna faida ya kujivunia hata injini ikiwa ya moto. Nguvu inayovuta konrodi na boliti zake hupanda kwa mraba wa mizunguko: kutoka 3,000 hadi 6,000 kwa dakika, nguvu hiyo haiwi mara mbili bali mara nne. Wakati huohuo injini haivuti kitu, hivyo ndani hakupatikani joto la kudumu la kuunguza masizi. Moshi mweusi unaotoka kwa kishindo humfurahisha anayetazama, lakini mwingi ni masizi yaliyolala kwenye ekzosi na mafuta ya wakati uleule yasiyoungua vizuri. Kwa dizeli ya zamani ambayo mkanda wa taimingi haujabadilishwa kwa wakati, mchezo huu unaweza kuukata. Mkanda ukikatika, valvu hukutana na pistoni na gharama yake ni kufungua injini nzima.

Barabarani mambo ni tofauti. Fungua plagi ya gari la petroli linaloshinda kwenye foleni za Kariakoo na Posta. Mara nyingi utakuta ncha yake imefunikwa masizi meusi makavu yanayofutika kwa kidole, kwa sababu haikupata moto wa kutosha. Ncha ikivuka takriban nyuzi 450 za Selsiasi, masizi huanza kuungua yenyewe, na gari lililotoka safari ya Chalinze huonyesha plagi ya rangi ya kahawia hafifu. Kwa hiyo gari la mjini lipewe safari ya namna hiyo mara kwa mara: injini ikiwa ya moto, oili ikiwa kwenye kipimo, chagua gia ya chini kuliko uliyoizoea (kwa otomatiki, zima O/D), na ulivutishe kwa mwendo unaoruhusiwa kwa dakika 15 hadi 20. Mizunguko ikae chini ya alama nyekundu.

Dawa hii haitibu kila kitu. Injini zinazopulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda hushika masizi mgongoni mwa valvu za kuingizia hewa, ambako petroli haipiti. Hayo huondolewa na fundi. Dizeli zenye kichujio cha masizi kwenye ekzosi huhitaji joto la karibu nyuzi 600 kujisafisha, na mwendo wa barabara kuu huisaidia kompyuta ya gari kufanya kazi hiyo. Na injini iliyotoka kubadilishwa ringi isipigwe resi ya nguvu wala kuendeshwa mwendo mmoja mfululizo katika kilomita 1,000 za kwanza.

Kosa la upande wa pili halisemwi sana. Dereva anayepanda mlima wa Kitonga na mzigo kwa gia kubwa ili abane mafuta huilemea injini. Ikianza kugonga, inaumia kuliko ambavyo ingeumia kwa mizunguko 3,500. Shusha gia mapema.

Tabia ya kupiga resi kabla ya kuzima iachwe kabisa, hasa kwa gari lenye tabo. Tabo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika likiwa kazini. Ukizima ghafla, linaendelea kuzunguka bila oili ya kulihudumia. Baada ya mlima au mwendo mkali, acha injini iungurume dakika moja au mbili, ndipo uzime.

Msimamizi akisikia dereva anasema gari lake huzima lisipokanyagwa mafuta kidogo, asiandike kuwa ni kawaida ya gari hilo. Lipelekwe kukaguliwa njia ya hewa, plagi na nozeli.