Mpunga, Mchele, Wali: Somo la Kikorea kwa Mwalimu wa Darasa la Kwanza

Mwalimu anayepangiwa Darasa la Kwanza katika vijiji vya Bonde la Kilombero huwakuta watoto ambao si wote wanaokijua Kiswahili. Mtoto wa mjini Ifakara amekisikia sokoni tangu alipozaliwa. Lakini yuko Mndamba au Mpogoro aliyelelewa na bibi yake shambani, na yuko mtoto wa mfugaji wa Kisukuma ambaye nyumbani hasikii ila Kisukuma. Mtoto huyo akinyamaza, upesi huhesabiwa kuwa mzito wa akili. Huketishwa nyuma, na baada ya muda haonekani tena shuleni. Kabla wanachuo hawajakwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, yafaa wao wenyewe wakae mahali pa mtoto yule kwa muda wa dakika 20, wakifundishwa lugha wasiyoijua hata neno moja. Kwa kazi hiyo tunapendekeza Kikorea.

Yaweza kuulizwa kwa nini tusichague Kiarabu au Kifaransa. Kiarabu kimeingia mno katika Kiswahili, na Kifaransa kina maneno mengi yanayofanana na ya Kiingereza. Mwanachuo hodari ataotea maana. Kikorea hakimpi pa kushika. Hata hivyo, maisha yaliyomo ndani ya lugha hiyo si mageni kwa watu wa bonde la mpunga. Mwingereza hutosheka na neno moja kwa mmea, punje na chakula. Sisi tuna mpunga, mchele na wali. Mkorea ana byeo, ssal na bap. (Herufi eo zitamkwe kama o, kinywa kikiwa wazi zaidi.) Tunadhani vijana wa Seoul wanaosoma Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Hankuk cha Lugha za Kigeni hawapati taabu kubwa na maneno yetu hayo matatu.

Mkufunzi na aingie darasani na suke la mpunga, bakuli la mchele na sahani ya wali. Asiseme Kiswahili hata kidogo. Ashike suke, aseme byeo. Ashike mchele, aseme ssal. Aonje wali, aseme bap. Arudie mara nyingi, kisha aombe vitu vile kwa kunyosha mkono: ssal juseyo, yaani naomba mchele. Wanachuo waoneshe kwa vitendo kwamba wameelewa, bila kulazimishwa kutamka. Atakayelazimishwa kusema mapema ataona haya, na haya ikishaingia darasani ni kazi kuitoa. Mkufunzi asiyekijua Kikorea asikilize kwanza sauti zilizorekodiwa na wenye lugha, wala asijiamini kwa kusoma karatasini tu.

Sehemu ya pili ni maamkizi, na hapa ndipo somo linaponoga. Annyeonghaseyo ni salamu ya heshima, na neno annyeong ndani yake lina maana ya amani na usalama, kama vile sisi tunavyoulizana kama tu salama. Pamoja na neno huenda kuinamisha kichwa. Wakorea pia wana desturi ya kujuliana hali kwa kuulizana kama mtu amekula wali. Kwa rika lako utauliza, Bap meogeosseo? Kwa mzee hutathubutu. Wali wenyewe hubadilika jina ukawa jinji, na kitenzi cha kula nacho hubadilika: Jinji deusyeosseoyo? Mtoto wetu anayejua kwamba rika huambiwa mambo, na mzee shikamoo, hahitaji kuelezwa sana. Mkorea akimpa mkubwa kitu, hutumia mikono miwili. Na mteja humwita mama anayempakulia chakula imo, yaani dada wa mama yake, ijapokuwa hawana udugu. Mwanachuo aliyekwisha kumwita muuza mchele wa Ifakara mama au shangazi atalicheza igizo hili bila kufundishwa: Imo, ssal juseyo. Eolmayeyo? Ndiyo kusema, mama mdogo, naomba mchele, bei gani? Lugha na adabu vimeingia pamoja, kwa mlango mmoja.

Maandishi yaachwe kabisa. Tunajua kwamba herufi za Kikorea, zilizotangazwa na Mfalme Sejong mwaka 1446, ni nyepesi kujifunza na zinavutia. Lakini somo hili ni la masikio na kinywa.

Njia hii haikuanzia vyuoni. Reli ya TAZARA ilipojengwa kati ya 1970 na 1975, ikipita Ifakara na Mlimba, maelfu ya Watanzania na Wachina walifanya kazi moja bila kuwa na lugha moja. Wakalimani walikuwapo, lakini hawakutosha kila kikosi. Fundi alionesha, kibarua akafuata, na jina la chombo likashika kwa sababu chombo kilikuwa mkononi.

Mara baada ya somo, wanachuo waulizwe walijisikiaje mkufunzi alipowatazama wakiwa hawana jibu. Majibu yao ndiyo yatakayoongoza maandalio ya Darasa la Kwanza. Vitabu vingi huanza na hiki ni kiti, ile ni meza, maneno ambayo hakuna mtoto atakayeyahitaji wakati wa mapumziko. Mtoto mgeni wa lugha ahitaji kwanza: naomba maji, naomba kwenda chooni, sijaelewa, ameninyang'anya. Yafundishwe hayo kwenye mtungi wenyewe na mlangoni kwenyewe, kwa kuigiza. Nayo mila yake isiachwe nje. Akiamkia kwa Kisukuma asubuhi, Mwangaluka, mwalimu asimkemee. Aipokee salamu hiyo, kisha amfundishe shikamoo kama salamu ya pili. Binti aliyefundishwa nyumbani kupiga goti mbele ya wakubwa asichekwe na wenzake, na mwalimu awe wa kwanza kuwazuia.

Mwalimu na aweke daftari dogo, aandike kila wiki sentensi ambayo kila mtoto kama huyo ameisema mwenyewe bila kuulizwa. Ikipita wiki ya nne ukurasa wa mtoto ukiwa mtupu, amfuate uwanjani wakati wa michezo na kumsikiliza huko, kabla ya kuandika lolote juu ya akili yake.