Kuchagua Mitufaha ya Nyumbani

Kwetu Kabale, kusini-magharibi ya Uganda, kuna baridi, lakini si kama ya Ulaya. Mitufaha mingi ya Ulaya hutaka majira marefu ya baridi ndipo ichanue vema. Kwetu hustawi majani tu. Kwa hiyo yafaa kuchagua aina zitakazo baridi kidogo: Anna, iliyotoka Israeli, na Golden Dorset, iliyotoka visiwa vya Bahamas.

Baba alinunua mche mmoja tu wa Anna, kwa fedha aliyoiweka kwa karo yangu. Mwaka wa 3 ulijaa maua, ukazaa matunda manne. Baba akanoa shoka. Nikamsihi angoje, maana tulifundishwa darasani kwamba Anna huzaa vema ipatapo chavua ya aina nyingine ichanuayo wakati uleule, nayo huletwa na nyuki. Nikapanda Golden Dorset hatua 5 kutoka pale. Ilipochanua yote miwili, tulijaza vikapu.

Basi, mwenye nafasi ya miti miwili asipande aina moja. Tena, mkiisha kuvuna, yapukutisheni majani kwa mikono, kwani kwetu baridi haitoshi kuyaangusha.